Isa wa madrasa na Yesu wa kanisani: nimjibu vipi binti yangu?

MwanaNgamiani (mwenye swali)

Assalaam alaykum kwa Waislamu wenzangu, na Bwana asifiwe kwa ndugu zangu Wakristo.

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga mjini. Baba yangu ni Mdigo na Mwislamu, na dini hiyo ndiyo niliyolelewa nayo na ninayowalea nayo wanangu. Mama yangu ni Mbondei wa upande wa Magila, Muheza, aliyesilimu alipoolewa, lakini mama yake, yaani bibi yangu, alibaki Mwanglikana mpaka alipofariki. Kwetu pilau hupikwa Idi na hupikwa Krismasi, na sijapata kuona mtu akisusa sahani.

Hivi karibuni, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu bibi, binti yangu wa miaka 11 alikuta Agano Jipya la zamani sana, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, na ukurasa wa mwanzo unasema kuwa ni Agano Jipya la Bwana na Mwokozi wetu Isa Masiya. Haukuandikwa Yesu Kristo, umeandikwa Isa Masiya. Mtoto huyu madrasa anasoma habari za Nabii Isa, na akienda Muheza kwa binamu zake anasikia habari za Yesu, na kumbe siku zote alidhani ni watu wawili. Akaniuliza, "Baba, ni mmoja?" Nikamjibu kuwa ni mmoja. Akaniuliza tena, "Basi mbona ustadhi anasema hakusulubiwa, na kule Muheza msalaba uko juu ya paa?" Hapo nilinyamaza.

Naomba mnisaidie, ila kwa sharti moja. Nimekua nikiona mihadhara ya uwanjani, vipaza sauti viwili vinatazamana na kila mmoja ameshika kitabu cha mwenzake ili amwumbue nacho. Siyataki hayo. Nataka kujua kila dini inasema nini juu ya mtu huyu kwa namna ambayo wenyewe wangekubali kuwa ndivyo wanavyosema.

Mzee wa Chumbageni

Ndugu yangu, nianze na hicho kitabu cha bibi, kwa kuwa kinajibu nusu ya swali la kwanza la mtoto.

Magila ilikuwa kituo cha UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, tangu karne ya 19, na makao makuu ya misheni hiyo yalikuwa Unguja, ambako Askofu Edward Steere alifanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili hadi alipofariki mwaka 1882. Watu aliokuwa akiwaandikia walikuwa wakimjua mwana wa Mariamu kwa jina la Isa kabla mmisionari yeyote hajashuka jahazini, na kwa hiyo jina hilo likatumika. Biblia ya Union Version, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoisoma leo, ilitoka mwaka 1952 ikiwa na Yesu Kristo, na kizazi changu hakikulisikia tena jina la Isa kanisani.

Majina yenyewe ni ya mzazi mmoja. Kwa Kiebrania aliitwa Yeshua, kifupi cha Yehoshua, lenye maana ya kwamba Mungu huokoa. Wayunani wakaliandika Iesous, na kwa njia hiyo tukapata Yesu. Waarabu wakasema Isa. Masiya, au Masihi, ni mpakwa mafuta, kama walivyopakwa wafalme wa Israeli, na Kristo ni neno hilo hilo katika Kiyunani. Kwa hiyo bibi yako na ustadhi wa binti yako walikuwa wakitamka jina moja na cheo kimoja. Tofauti inaanzia pale unapouliza cheo hicho kina maana gani, na hapo nawaachia wenye elimu zaidi yangu.

Ustadhi wa Makorora

Waalaykumu salaam. Nitaeleza upande wa Uislamu, na nitajitahidi kutimiza sharti lako.

Watu wengi wasio Waislamu hushangaa wakiambiwa kuwa jina la Isa limetajwa katika Kurani mara 25, na kwamba hakuna Mwislamu anayeweza kumkana akabaki Mwislamu. Tunaamini kuwa alizaliwa na bikira bila baba. Sura ya 3, aya ya 59, inamfananisha na Adamu, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "kuwa", akawa. Maana yake ni kwamba kukosa baba hakumfanyi kuwa mwana wa Mungu, kwani Adamu hakuwa na baba wala mama. Tunaamini kuwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu aliponya vipofu na wenye ukoma, akafufua wafu, na akafinyanga ndege wa udongo akampulizia, akaruka. Anaitwa Masihi. Katika sura ya 4, aya ya 171, anaitwa Neno la Mwenyezi Mungu alilompelekea Mariamu, na roho itokayo kwake. Na aya hiyo hiyo inakataza kusema "watatu".

Neno ambalo ningependa binti yako alishike ni la kwanza kabisa alilolitamka Isa akiwa mtoto mchanga mikononi mwa mama yake, watu wakiwa wamemzunguka mama huyo kwa shutuma. Hakujitambulisha kwa miujiza. Alisema, katika sura ya 19, aya ya 30, "Inni Abdullah", mimi ni mja wa Mwenyezi Mungu. Abd kwa Kiarabu ni mja, na ni mtumwa pia. Sura ya 4, aya ya 172, inaongeza kuwa Masihi haoni unyonge kuwa mja wa Mwenyezi Mungu. Kwetu sisi hakuna daraja la mwanadamu lililo juu ya hilo, na Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe tunamshuhudia katika kila sala kuwa ni mja wake na mtume wake, na uja ukatangulia utume.

Kuhusu msalaba, sura ya 4, aya ya 157 na 158, inasema kuwa hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa, na Mwenyezi Mungu akamnyanyua kwake. Wafasiri wengi wa zamani, kama Tabari na Ibn Kathir, wamepokea habari kuwa sura yake ilivishwa mtu mwingine. Atashuka kabla ya Kiyama. Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim inataja mnara mweupe mashariki ya Damascus.

Pia ni haki kutaja kuwa Waahmadiyya, ambao Waislamu wengine hawawahesabu kuwa Waislamu, wanasema kuwa Isa aliangikwa msalabani, akashushwa akiwa hai, na akafa kifo cha kawaida huko Kashmir, katika mji wa Srinagar. Mabishano hayo yamefika hata katika Kiswahili chetu: tafsiri ya Kurani ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya ilitoka mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyeshika msimamo wa Sunni, ikatoka mwaka 1969. Ukizisoma kwa pamoja kwenye sura ya 3, aya ya 55, utaona jinsi neno moja, mutawaffika, ambalo wengine hulielewa kuwa "nitakufisha" na wengine "nitakuchukua", linavyoweza kugawa watu.

Binti Bonde

Namshukuru ustadhi, hasa kwa hilo neno mja, maana limenipa njia ya kuingilia.

Mimi ni Mwanglikana wa Muheza. Ninachosikia kikisemwa juu yetu mara nyingi ni kuwa tunaamini Mungu alioa akazaa. Hakuna Mkristo anayeamini hivyo, na anayeamini hivyo akatubu. Tunaposema Mwana wa Mungu, tunasema kama Yohana alivyoanza Injili yake: hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno akafanyika mwili. Mwaka 325, huko Nikea, maaskofu walikutana kwa sababu Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kuwa Mwana aliumbwa, hata kama aliumbwa kabla ya vyote. Baraza likamkatalia, na ndiyo sababu mpaka leo katika kanuni ya imani tunasema "aliyezaliwa bila kuumbwa". Kuzaliwa huko hakuna siku wala mama. Ni kama mwanga utokao kwenye mwanga.

Mashahidi wa Yehova wako karibu na Ario katika hili: kwao ni Mwana wa Mungu na kiumbe wa kwanza, wanamtambua kuwa ndiye Mikaeli malaika mkuu, lakini si Mwenyezi. Hata sisi tunaokubaliana na Nikea tuligawanyika mwaka 451, kwenye baraza la Kalkedoni, juu ya namna Umungu na ubinadamu wake vinavyokaa pamoja. Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia hawakulipokea baraza hilo.

Sasa nirudi kwa mja. Paulo anawaandikia Wafilipi, sura ya 2, kuwa Kristo, ingawa alikuwa yuna namna ya Mungu, "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa", akatii hata mauti ya msalaba. Neno ni lile lile la ustadhi, ila tumelisimamisha mahali pengine. Kwa Mwislamu, Isa kusema mimi ni mtumwa ni kutaja ukweli wa alivyoumbwa, na ndiyo heshima yake. Kwa Mkristo, ni habari ya aliyekuwa juu ya yote akashuka mpaka ngazi ya mwisho kwa hiari yake. Ukimwondolea msalaba, kwetu kushuka huko kunakuwa kumeishia njiani.

Mara nyingi nimewaza jinsi maneno hayo yalivyosikika katika pwani hii. Kati ya Wakristo wa mwanzo wa misheni za Unguja na Bagamoyo walikuwamo watu waliouzwa sokoni kisha wakakombolewa. Mtu wa namna hiyo akisomewa kuwa Mungu alitwaa namna ya mtumwa, hakuhitaji kueleza anachokisikia kwa lugha ya Nikea.

Msomaji wa Pangani

Samahani wakubwa, naona tunazungushwa kwa maneno mazuri. Mtoto ameuliza: alisulubiwa au hakusulubiwa? Jibu ni moja tu, haliwezi kuwa mawili.

Mzee wa Chumbageni

Ni kweli kijana wangu, haliwezi kuwa mawili, na hakuna aliyesema kuwa yote mawili ni sawa. Wanahistoria, hata wasio na dini, karibu wote wanakubali kuwa alisulubiwa chini ya Pontio Pilato. Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kuuawa kwake mnamo mwaka 116. Mwislamu atakujibu kuwa hiyo haimtikisi, kwa sababu aya yenyewe inasema walifananishiwa, yaani waliokuwapo waliona walichodhani wamekiona. Mimi kama Mkristo siridhiki na jibu hilo, lakini nalielewa, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuelezwa pande zote mbili na kuambiwa kuwa baba yake anashika upande upi na kwa nini.

Mwanafunzi wa Raskazone

Mwenye swali alisema "kila dini", na Wayahudi wamesahauliwa, ilhali mtu huyu alizaliwa na kufa akiwa Myahudi, alitahiriwa siku ya nane na kufundisha katika masinagogi.

Kwa Uyahudi, Yesu si Masihi, na hoja yao haihusu msalaba kama wengi wanavyodhani. Wanamngojea mfalme wa ukoo wa Daudi atakayewakusanya Waisraeli waliotawanyika, kulijenga hekalu na kuleta amani duniani. Yesu alikufa, na mnamo mwaka 70 Warumi wakalibomoa hata hekalu lililokuwapo. Kudai kuwa mwanadamu ni Mungu ni jambo wasiloweza kulikubali kabisa, na katika hilo wamesimama karibu na Waislamu. Hata hivyo Maimonides, mwanachuoni wao mkubwa aliyefariki mwaka 1204, alimkana Yesu na papo hapo akaandika kuwa Ukristo na Uislamu vimetandaza habari za Masihi na za Torati hadi visiwa vya mbali, na hivyo kumtengenezea njia Masihi wa kweli.

Wabahai, wafuasi wa dini iliyoanzia Uajemi katika karne ya 19, wanamhesabu kuwa mmoja wa Madhihirisho ya Mungu, yaani wajumbe ambao Mungu hujidhihirisha kupitia kwao, pamoja na Musa, Muhammad na wengine. Wahindu hawana fundisho moja juu yake. Wapo wanaomwona kuwa avatara, yaani Mungu aliyeshuka katika mwili, na wapo kama Gandhi, aliyeyapenda mno Mahubiri ya Mlimani bila kuona haja ya kuwa Mkristo.

Niongeze jambo dogo la lugha. Kiswahili kimetoa mtume na mtumwa kutoka kitenzi kimoja, kutuma. Waislamu wanamwita Isa mtume. Wakristo wanawaita mitume wanafunzi wake, na wengi wao hawakumbuki kuwa Waebrania 3:1 inamwita yeye mwenyewe "Mtume na Kuhani Mkuu".

MwanaNgamiani (mwenye swali)

Nawashukuru nyote, na kijana wa Pangani pia, kwa kuwa alisema nililoogopa kulisema.

Jana baada ya Alasiri nilikaa na binti yangu barazani, tukafungua sura ya 19 kisha kile kitabu cha bibi. Wafilipi hatukuipata, panya walishaimaliza, ikabidi nimpigie simu binamu yangu wa Muheza atusomee kutoka kwenye Biblia yake. Nilimweleza kuhusu mja kama mlivyoeleza hapa, na nikamwambia wazi kuwa mimi, kama ustadhi wake, naamini hakusulubiwa, na kwamba bibi yangu aliamini alisulubiwa na akazikwa na msalaba kaburini kwa imani hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama Bi Mariamu wa Muheza naye ni yule yule wa madrasa.

Ustadhi wa Makorora

Mwambie ni yule yule, na kwamba ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani nzima. Akimaliza sura ya 19, mfungulie Luka sura ya 1 katika kitabu cha bibi, kama panya wameibakiza.