Kuingizwa mjini Istanbul: kosa ni la mgeni au la mji?

Mleta mada

Naomba tujadili jambo ambalo kwa kawaida tunalimaliza kwa kicheko. Mtu akirudi safari akasimulia jinsi alivyotapeliwa, sisi tunaomsikiliza humpa pole nusu na lawama nusu: macho yako yalikuwa wapi, kwa nini hukuuliza bei kwanza? Swali langu ni hili: katika mji mkubwa unaoishi kwa wageni, dhamana ya utapeli huu ni ya nani, ya mgeni anayeambiwa ajihadhari, au ya mji unaoacha mianya wazi? Nachukua mfano wa Istanbul kwa sababu Watanzania na Wakenya wengi wanaufahamu, ama kwa kufuata mzigo Laleli, mtaa wa nguo za jumla, ama kwa kushinda hapo siku moja wakisubiri ndege ya kuunganisha. Mimi nilikuwa huko wiki ya kwanza ya Novemba, ule msimu wa kati ambapo joto na umati wa Agosti umekwisha, hoteli zimeshusha bei, na baridi yenyewe haijakaza.

Upande wa Karaköy, karibu na Daraja la Galata, mzee mmoja mwenye kisanduku cha kung'arisha viatu alinipita, na hatua chache mbele brashi yake ikaanguka. Niliiokota nikamwita, kama ambavyo yeyote aliyelelewa angefanya. Alishukuru kwa kuweka mkono kifuani, akasisitiza anilipe fadhila kwa kunisafishia viatu, akapiga goti kabla sijajibu. Nilikuwa nimevaa raba za kitambaa. Hakujali, alilowesha kitambaa akaanza kusugua kingo za mpira huku akinieleza habari za mtoto wake aliyelazwa hospitali, na alipomaliza fadhila hiyo ikawa na bei, lira 400. Nililipa nusu, nikaenda kukaa mgahawani mkabala na hapo, na katika muda wa glasi mbili za chai brashi ileile ilianguka mara tatu.

Tunaambiwa kwamba msimu wa kati ni tulivu na kwa hiyo ni salama zaidi. Naona ni kweli nusu tu. Mwizi wa mfukoni anahitaji msongamano, na msongamano ukipungua kazi yake inakuwa ngumu. Tapeli anahitaji mazungumzo, na wageni wakiwa wachache anapata muda wa kumshughulikia kila mmoja kikamilifu.

Hata hivyo suala la brashi nalibeba mwenyewe. Nisilolikubali ni la teksi. Usiku uleule, kutoka Sultanahmet kwenda Taksim, madereva watatu walikataa kuwasha mita, wakanitajia bei yao wenyewe. Wa nne aliiwasha, kisha tulipofika akaongeza kiasi alichokiita nauli ya usiku. Istanbul haina nauli ya usiku. Ni moja, usiku na mchana, na imepangwa na mamlaka za jiji. Pale ambapo bei imewekwa kisheria, kumwambia mgeni ajihadhari ni kumtwisha kazi ya aliyeiweka.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakupinga kwa heshima zote. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo na nimekwenda Istanbul zaidi ya mara ishirini, mara nyingi Aprili na Oktoba, kwa sababu ndiyo miezi ya kuwahi mzigo kabla ya sikukuu. Teksi za jiji hilo nazipanda mara chache sana. Tangu 2023 treni ya M11 inafika uwanja mpya wa ndege, basi la Havaist linaingia hadi Aksaray, na ukiwa na Istanbulkart, kadi ya nauli ya jiji, unazunguka mji mzima kwa tramu, metro na boti bila kubishana na mtu. Mgeni anayesimamisha teksi barabarani saa nne usiku, tena katika eneo la watalii, amejichagulia mwenyewe.

Hiyo kadi yenyewe nayo ina somo lake. Kwenye mashine za kuuzia hujitokeza kijana mkarimu wa kukusaidia kubonyeza, na msaada wake huishia wewe kuuziwa kadi tupu kwa bei ya kadi yenye pesa, au noti yako ya lira 200 kubadilika mkononi mwake na kuwa ya 20. Mashine zina lugha ya Kiingereza. Msaada wa nini? Vivyo hivyo nje ya Msikiti wa Sultan Ahmet, ambao kiingilio chake ni bure, atakuja mtu akuambie kwamba umefungwa kwa sala na akualike kunywa chai dukani kwa mjomba wake wakati unasubiri. Mjomba anauza mazulia. Kanuni yangu ni kwamba aliyeniita simfuati, ninayemtaka namfuata mwenyewe, na haijaniangusha.

Naomba pia tuwe wakweli kuhusu hasara zetu. Laleli bei inatajwa kwa dola, na nguo huuzwa kwa seri, yaani kifurushi cha saizi zote za mtindo mmoja. Ukielewa hivyo hakuna wa kukudanganya. Hasara yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kago: tulikubaliana bei kwa kilo tukiwa Istanbul, na mzigo ulipofika Dar es Salaam kilo zilikuwa zimeongezeka baharini. Wakala huyo hakuwa Mturuki. Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko changu.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma Istanbul miaka minne, na naona ndugu mfanyabiashara ameeleza vizuri namna ya kuukwepa ugonjwa bila kuugusa ugonjwa wenyewe. Tuulize kwanza kwa nini dereva anakataa mita.

Jiji lina wakazi zaidi ya milioni 15, na kwa miongo kadhaa idadi ya vibao vya namba za teksi, ambavyo ndivyo leseni ya kazi hiyo, ilibaki palepale, 17,395. Kwa kuwa vibao havikuongezeka, viligeuka mali inayouzwa kwa mamilioni ya lira. Wanaovimiliki wengi hawaendeshi, huvikodisha, na dereva anatakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye kibao kila siku, kama bodaboda wetu wanavyopeleka, tofauti ikiwa kwamba hesabu ya huko ni nzito kupita kiasi. Mwenyeji anayetaka kusogezwa kilomita mbili ndani ya foleni hamsaidii dereva kufikisha hesabu. Mgeni asiyejua bei anamsaidia. Ndiyo maana hata sisi tuliokuwa tunaongea Kituruki tulikuwa tunakataliwa, jambo ambalo wageni hawalijui kwa sababu wanadhani wanabaguliwa peke yao.

Manispaa, chini ya meya Ekrem İmamoğlu aliyechaguliwa 2019, ilipendekeza teksi mpya 5,000. Pendekezo lilipelekwa mara kwa mara kwenye UKOME, kamati ya uratibu wa usafiri ambayo 2020 muundo wake ulibadilishwa na wajumbe wa serikali kuu wakawa wengi, na mara kwa mara likakataliwa. Hatimaye yalikubaliwa magari 2,125 yaliyobadilishwa kutoka daladala ndogo za huko. Uber ilizuiwa na mahakama 2019, ikarudi 2021, lakini kwa sehemu kubwa inaita teksi zilezile. Kwa hiyo mgeni anayelipishwa mara mbili usiku wa Novemba analipia, bila kujua, ugomvi wa kisiasa wa vibao. Kumwambia ajihadhari hakupunguzi hesabu ya dereva hata lira moja.

Jambo moja nimkosoe mleta mada: teksi za Istanbul si za aina moja. Za njano ndizo za bei ya msingi, za rangi ya feruzi ni ghali kwa asilimia 15, na nyeusi ni ghali zaidi ya hizo. Wapo wanaorudi wakidai wametapeliwa kumbe walipanda nyeusi.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niko Unguja, na ninaposoma haya nawaona papasi wetu wa bandarini Malindi, wale madalali wanaowaandama wageni. Tumewapa jina la mdudu anayenyonya damu, kisha tunamwambia mgeni ndiye ajikune. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini si kwa namna hiyo. Tuulizane pia kuhusu sisi wenyewe: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni asiye Mtanzania hulipa bima ya dola 44 kuingia Zanzibar, na hilo tuliliweza kwa sababu tulitaka. Bei ya teksi kutoka bandarini hadi Nungwi ikiandikwa kwenye ubao mkubwa getini, nani ataumia isipokuwa papasi?

Mleta mada

Nashukuru, hasa kwa hesabu ya vibao, ambayo sikuijua na ambayo inanifanya nimwonee huruma kidogo yule dereva wa nne, ingawa pesa yangu bado naidai. Kwa ndugu wa Laleli: kanuni yako inakufaa kwa sababu umekwenda mara ishirini. Anayekwenda mara moja katika maisha yake ataijua baada ya kulipa, na mji wenye wageni wengi kiasi hicho hauwezi kumtaka kila mmoja wao awe mzoefu.

Ubao anaoutaka ndugu wa Unguja unawezekana, na Uturuki wenyewe wameonyesha hivyo: tangu Januari 2024 migahawa inalazimika kuweka orodha ya bei mlangoni, na nilikula wiki nzima bila kuongezewa kitu. Amri hiyo haiwafikii wale wa Beyoğlu wanaokusalimia kirafiki, wakakupeleka baa ya rafiki yao, na bili ya bia mbili ikaja kwa mamia ya dola pamoja na mtu wa kukusindikiza hadi kwenye mashine ya fedha. Huo ni unyang'anyi, na ni kazi ya polisi. Kuuita uzembe wa mgeni ni kumsaidia mnyang'anyi.

Dada yangu anakwenda Aprili kuona maua ya tulipu. Nimemwambia achukue M11, asitoe noti ya 200 kabla ya kuitaja kwa sauti, na kama ni lazima apande teksi, apige picha ya kibao cha namba kabla ya kufungua mlango. Kuhusu brashi sikumwambia kitu. Sina sheria ya kupendekeza hapo, na sijui kama ingekuwa sawa kumfundisha kuacha kitu cha mzee chini.