Babu anataka ukoo wote uandikwe kabla ya Desemba, naanzia wapi?

MjukuuWaKilema:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nyumbani ni Kilema, Kilimanjaro. Babu yuko kwenye themanini na kitu, bibi anamfuatia kwa karibu, na wote wana akili timamu kabisa namshukuru Mungu. Tangu tuanze kwenda kwa wingi kila Desemba wazee wamekuwa wapya, babu asubuhi anazunguka kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, na vitukuu anawaonyesha huu mgomba alipanda nani, lile sale, mmea wa mpakani, aliliweka nani, bibi naye jioni hatulii mpaka kila mtoto ashibe mtori. Sasa babu kasema anataka ukoo uandikwe wote na kazi kanipa mimi. Majina anataja mpaka baba wa babu yake, zaidi ya hapo anasema tu walitoka Ukambani wakapanda huku. Miaka hana. Aliyewahi kufanya hii kitu anisaidie, miaka naipataje?

MamaKahawa:
Marahaba mwanangu. Anza na wazee wenyewe, makaratasi baadaye. Weka simu irekodi, waache waongee, na usiwaulize mwaka, waulize tukio. Babu yake alikuwa mkubwa kiasi gani Mangi Meli, yule chifu, aliponyongwa na Wajerumani pale Old Moshi, Machi 1900? Baba yake alikuwa keshaoa KNCU, ule ushirika wa kahawa, ilipoanza 1933? Yeye mwenyewe alikuwa wapi usiku wa uhuru 1961, mwenge ulipowashwa kileleni Kilimanjaro? Ukipata matukio mawili matatu miaka inajipanga yenyewe.
Halafu nakuomba sana, bibi mkalishe peke yake. Koo zetu nyingi zimeandikwa wanaume watupu, unakuta fulani kamzaa fulani kamzaa fulani, mama zao hakuna hata mmoja, na wakati bibi ndio anajua nani aliolewa Marangu, nani alienda Rombo na watoto wake wanaitwa nani. Na kwao bibi je? Nako ni kwenu.

Kibo_Mlangoni:
Mkuu una bahati wewe ni wa Kilema, ni kati ya misheni za mwanzo kabisa mlimani, mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nenda ofisi ya parokia uombe kwa upole kuangaliziwa vitabu vya ubatizo. Vya zamani vimeandikwa Kilatini ila usiogope, ukiona *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, baada ya hapo linafuata jina la baba na la mama. Angalia na pembeni ya ukurasa, huwa wanaandika mtu alifunga ndoa wapi na nani, mi pale ndio nilimpata dada wa babu ambaye nyumbani walikuwa hawamtaji tena.
Angalizo moja, si unajua kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, so jina lile lile utalikuta kila kizazi. Usiunganishe watu kwa jina tu, hakikisha na jina la mama.

Dogo_Arusha:
Siku hizi si kuna DNA, kwa nini asipime tu?

MamaKahawa:
DNA haikutajii jina la mtu mwanangu, inahitaji wa kumlinganisha naye. Ila kazi inafanya. 2023 kule Berlin walipima mafuvu yaliyochukuliwa huku enzi za Mjerumani wakayalinganisha na familia zilizo hai, wakapata ndugu, fuvu moja likiwa la mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana, na mjukuu wake mzee Isaria alilitafuta kwa miongo mingi. Lakini ona, familia ziliweza kupimwa kwa sababu zilikuwa zinajijua ni za nani.

MjukuuWaKilema:
Asanteni sana jamani. Jana nimempigia bibi nikamuuliza tu dada zake, kaongea mpaka salio likakata, na babu nyuma anamsahihisha, bibi anamwambia nyamaza hawa ni wa kwetu 😂 Nimeongeza salio nikapiga tena. Kibo_Mlangoni, pale parokiani niende na babu mwenyewe au barua ya mwenyekiti wa ukoo inatosha?

Kibo_Mlangoni:
Nenda na babu. Na mbebee miwani yake.