Bajeti trilioni 4 na bado shule inaitisha wazazi pesa ya mahindi, hii hesabu inaendaje?

MamaShinyalu
Wadau naomba mwenye anaelewa mambo ya bajeti anifafanulie bila siasa. Niko na mtoto fomu tatu shule ya kutwa huku Kakamega. Tunaambiwa ni bure, kapitesheni, yaani pesa serikali inatumia shule kwa kila mwanafunzi, ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Juzi tukaitwa mkutano, mwalimu mkuu akasema pesa imeingia nusu nusu, walimu wa bodi, wale shule yenyewe imeajiri, hawajalipwa, mwenye alikuwa anawauzia mahindi kwa deni amekataa, kwa hivyo wazazi tuchange. Simlaumu, alituonyesha makaratasi. Lakini bajeti ya 2025/26 ni zaidi ya trilioni 4. Inaendanga wapi yote mpaka watoto wakose lanchi?

Mhasibu_Nax
Mama pole sana. Kubwa ni deni. Katiba kifungu cha 214 kinafanya deni la taifa litolewe kwa mfuko mkuu wa serikali moja kwa moja, haingoji foleni na wizara, kwa hivyo ushuru ukiingia kidogo mwezi huo mwenye anatudai analipwa na shule inaambiwa ingoje. Riba peke yake mwaka huo ni zaidi ya trilioni 1, karibu robo ya bajeti, na hapo hata deni lenyewe hujaanza kurudisha. Halafu bado kuna pengo la kama bilioni 923 ambalo lazima tukope tena, na nyingi tunakopa hapa hapa nyumbani, kwa mabenki na pesheni na watu wako na pesa zao. Kitu inaniuma ni hii: Februari 2024 serikali iliuza bondi, yaani ilikopa pesa kwa watu, kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, na hizo bondi za miundombinu hazikatwi kodi. Mwenye ako na milioni kumi za kuweka hapo anakula riba yote bila kukatwa, na mama wa Shinyalu akipanda matatu analipia VAT iliyo ndani ya mafuta.

BroWaNyalenda
Deni ni kweli lakini isikuwe kisingizio bana. Julai 2025 Waziri wa Fedha Mbadi mwenyewe aliambia kamati ya bunge serikali haiwezi kumudu hiyo 22,244, inaweza kama 16,900. Sawa, sasa ni nani alikaa chini akaamua upungufu uanzie kwa mtoto wa shule na si kwa magari na safari za wakubwa? Hata 2024 vijana walipoingia barabarani na mswada wa fedha ukaondolewa, kaunti zilipunguziwa kutoka bilioni 400.1 mpaka 387.4. Na kaunti ndio zinaendesha dispensari. Hapa Kisumu mgonjwa anaandikiwa dawa anaambiwa akanunue kwa kemisti. Huko ndio kukata matumizi kunafika mwisho wake, kwa mfuko wa mgonjwa.

KijanaWebuye
Naunga mkono lakini hata hizo zenye ziko zimetawanywa vibaya. Basari iko kwa CDF, ule mfuko wa eneo bunge, iko kwa gavana, iko kwa wodi, mzazi anapiga foleni na fomu sehemu tatu akibembeleza ofisi za wanasiasa, na mwenye hana mtu wa kumjua anakosa. Hiyo pesa yote ingewekwa pamoja iende kwa kapitesheni moja kwa moja, hiyo shule isingeitisha mchango. Shida ni kwamba mbunge hawezi kupigia kampeni pesa yenye hakuna mtu anamshukuru kwayo.

MamaShinyalu
Asanteni sana, sasa naona. Mimi nilidhani labda ni mwalimu mkuu na kamati wanatuficha. Sasa sisi wazazi tunaweza kuongea wapi kabla mambo hayajaamuliwa? Maana tukisikia bajeti imesomwa Juni tunaambiwa imeisha.

Mhasibu_Nax
Juni kelele inakuwanga ya ushuru tu. Mgao wenyewe unafika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo Februari kuna ile taarifa ya sera ya bajeti inayoweka viwango vya kila sekta. Hapo ndio mtume barua kwa karani wa bunge, kamati ya elimu, muandike kama wazazi wa shule na muweke nakala za hayo makaratasi mlionyeshwa, tarehe pesa ziliingia na ni kiasi gani kilikosa. Mkipata shule nyingine tano sita hapo Kakamega ziweke sahihi pamoja itakuwa ngumu kupuuza. Ukihitaji mtu wa kuwapangia hizo hesabu niandikie, sitawaitisha kitu.

BroWaNyalenda
Mkiandika hiyo barua wekeni na ya dispensari, sisi upande wa Kisumu tutaleta yetu.