Wakuu mlioko Alaska na Montana, bastola gani ya kujikinga na dubu mtu akiwa anavua?

MsukumaWaAnchorage:

Habari zenu wakuu. Niko Anchorage mwaka wa 3 sasa, niliingia kwa green card ya bahati nasibu, nyumbani ni Mwanza na uvuvi ndo nimekulia humo, kwa hiyo nilipoona samoni wanavyopanda mto huku mwezi wa 6 na wa 7 nikajua hapa nimefika. Naenda sana pale Russian River inapoingia Kenai, kama masaa mawili kwa gari toka mjini.

Sasa mwaka jana mwezi wa 7 nimesimama kwenye maji ya magoti, fimbo ya kuvulia mkononi, samaki wangu watatu nimewafunga kamba pembeni, nageuka hivi naona dubu kahawia ametoka kwenye majani kama mita 20 na watoto wawili nyuma yake. Hakunifanya kitu. Alinusa, akabeba samaki wa jamaa aliyekuwa chini yangu kwenye mto, akaondoka nao. Ila wakuu miguu iliniisha nguvu kabisa, nikaangalia nilichonacho ni fimbo na kisu cha kupasulia samaki basi.

Nataka kununua bastola kabla msimu haujaanza. Nimeangalia tatu (hizo namba ni upana wa risasi), Glock 20 ya 10mm ambayo ni ya magazini, yaani kasha la risasi kwenye mpini, rivolva ya .44 Magnum, ile ya silinda inayozunguka, na kuna jamaa yangu ana 9mm anataka aniachie kwa bei poa. Silaha sijawahi kumiliki, nilipiga bunduki JKT tu zamani. Wife hataki hata kusikia, tuna watoto wa miaka 4 na 7 ndani. Nishaurini kwa ukweli.

Kaliba_Fairbanks:

Mkuu karibu. Nilifanya kazi duka la bunduki huku Fairbanks miaka 4 na swali lako nilikuwa naulizwa kila barafu ikianza kuyeyuka.

Kabla ya bastola tuongelee risasi, maana hapo ndo wengi wanakosea. Risasi za kujilinda na binadamu zina tundu kwenye pua, zikiingia mwilini zinachanua na kusimama humo humo. Kwa dubu hiyo haikufai, dubu ana mafuta, ana misuli ya mabega minene balaa, na fuvu lake limelala kwa nyuma, wewe unataka risasi inyooke iende mbele mpaka ifike kwenye ubongo au uti wa mgongo. Ndo maana huku watu wananunua zile za madini magumu zenye pua bapa, wenyewe wanaziita hadikasti. Kwa 10mm tafuta za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 200 mpaka 220, kwa .44 kuanzia 240 mpaka 300 na kitu. Na uzijaribu kwenye bastola yako mwenyewe kabla hujazibeba porini, kuna bastola inakula aina moja vizuri na nyingine inakwama.

Kuhusu zenyewe. .44 ina nguvu kuliko 10mm, hilo halina ubishi, lakini unapata risasi 6 tu na kila ukipiga moja mkono unaruka juu, mpaka uushushe ulenge tena mnyama ameshafika. Halafu mtu akisikia rivolva ni nzito anakimbilia zile za titaniamu za gramu 700, hizo ndo mbaya zaidi, wepesi wote ule unakurudia mkononi, nimeona watu wazima wanapiga mbili wanasema imetosha. Kama ni .44 chukua ya chuma ya kilo moja na zaidi. Glock 20 ni kama gramu 870 ikiwa tupu, magazini inabeba 15, na mtu ambaye hajazoea silaha anaimudu haraka. Ingekuwa ni mdogo wangu ningempa hiyo.

Faida moja ya rivolva niseme bila kuficha. Ukiwa umeshalaliwa na dubu na mdomo wa bastola umegandamizwa kwenye mwili wake, bastola ya magazini inaweza kusukumwa slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, na ikagoma kupiga. Rivolva haina hilo tatizo.

9mm watu watakuletea habari ya yule mwongoza wageni wa huku Alaska aliyemuua dubu kahawia kwa 9mm mwaka 2016. Ni kweli ilitokea. Ila yule ni mtu ameishi na dubu na silaha maisha yake yote na alikuwa na risasi ngumu ndani. Usinunue bastola kwa kuangalia bahati na ujuzi wa mtu mwingine.

Wa_Kiambu_AK:

Mimi ni nesi huku Anchorage, na naomba nikuambie kitu kabla hujatoa hiyo pesa. Umebeba bear spray, ile sprei ya pilipili ya kufukuza dubu? Sijaona ukiitaja hata mara moja na hiyo ndio imenishtua.

Kuna watafiti waliangalia matukio ya sprei hapa Alaska kuanzia 1985 hadi 2006, ripoti ikatoka 2008. Kwa dubu kahawia sprei ilisimamisha ile tabia mbaya mara 92 kwa 100. Na kati ya watu waliokuwa nayo dubu akiwa karibu, asilimia 98 walitoka bila jeraha. Halafu 2012 baadhi ya watafiti hao hao wakatoa ripoti ya bunduki, matukio 269, bastola zikafaulu asilimia 84 na bunduki ndefu 76. Sprei haihitaji ulenge kichwa kinachoruka ruka. Unatoa pini, unaelekeza chini kidogo mbele yake, unaweka wingu katikati yenu akimbilie ndani ya pilipili.

Nunua ile imesajiliwa na EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, isipungue gramu 225, iwe inatoka kwa sekunde 6 au zaidi. Angalia tarehe ya mwisho, huwa inaisha baada ya miaka 3 au 4. Kwa ndege hairuhusiwi, sio mkononi sio kwa mzigo, so ukisafiri unanunua kule unaenda.

Na please, hii nasema kwa sababu nimeona kwa macho yangu watu wetu wakifanya: USIPAKE kwa tent wala kwa nguo kama dawa ya mbu. Ile mabaki ikikauka inavutia dubu badala ya kuwafukuza. Nilikuta familia imepuliza tent yote, watoto wanakohoa ndani, tukawahamisha usiku huo huo.

Kaliba_Fairbanks:

Dada nakubaliana nawe abebe sprei, mimi mwenyewe ninayo. Ila hizo asilimia mbili usiziweke mizani moja. Kwenye ripoti ya sprei wapo dubu wengi ambao walikuwa wanasogea tu kwa udadisi au kutafuta chakula, kwenye ya bunduki mengi ni mashambulizi yenyewe. Na upepo ukikujia usoni pilipili inakurudia. Siipingi sprei, nataka tu ajue anachosoma.

Wa_Kiambu_AK:

Hiyo ya upepo ni kweli na hiyo ya ripoti pia ni kweli. Bado mtu hajawahi kumiliki silaha na ana mtoto wa miaka 4 nyumbani, mimi nitamwambia aanze na sprei. Mtoto akipata sprei atalia usiku mzima. Akipata hiyo ingine, mimi ndio napokea hiyo familia pale emergency.

Nyarugusu406:

Salamu wote. Miye niko Missoula, Montana, tulifika 2017, sisi ni Wakongo wa Uvira lakini nimekulia kambini Nyarugusu pale Kigoma. Hapa mjini Wakongo tuko wengi na dubu pia wako, wale weusi wanashuka mpaka mitaa ya Rattlesnake kutafuta takataka na matofaa, ukienda mbuga ya Glacier au milima ya Mission unakuta wale wakubwa wenyewe, wa kahawia. Mama zetu wanapenda kwenda kuchuma hakoberi, matunda madogo ya porini, mwezi wa 8 na dubu naye hayo ndiyo matunda yake.

Nataka niongee jambo ambalo hakuna aliyeligusa, ni KARATASI. Wewe una green card, hauna shida, unajaza fomu dukani wanakuchunguza unanunua. Mkimbizi kama miye pia ni sawa. Lakini kuna vijana wetu wako huku kwa visa ya masomo au ya kazi ya msimu, wale wa viwanda vya samaki, sheria ya serikali kuu inawakataza kushika silaha au hata risasi, isipokuwa mtu awe ana leseni halali ya kuwinda au aingie kwenye sababu nyingine chache. Siyo kununua tu, hata kumshikia rafiki porini ni kosa. Mpwa wangu ni mwanafunzi, tulienda kupiga kambi rafiki yake akampa bastola amshikie kidogo avuke mto, nilipiga kelele mpaka wakaniona kama mwenda wazimu. Kosa hilo ni jela na baada ya jela ni ndege ya kurudi. Mwambieni kila mtu.

Jambo la pili, mbuga za taifa. Tangu 2010 unaweza kuingia na bunduki kama sheria ya jimbo inakuruhusu, lakini kupiga risasi ndani ya mbuga bado ni marufuku na majengo ya serikali mle huingii nayo. Ukimpiga dubu utahojiwa na lazima ieleweke ulikuwa unaokoa uhai.

AskariMstaafu_Rufiji:

Mimi dubu sijamuona isipokuwa kwenye picha, nipo Tanzania, ila nimelinda wanyama Selous miaka mingi na nimesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa mara tatu. Kwa hiyo nisikilizeni kwenye jambo moja tu. Mnyama akikujia mikono siyo yako. Kitu ulichorudia mara elfu ndicho mkono utakachofanya, ambacho hukurudia hautakifanya hata ukiwa unakijua. Huku hatuendi kwa nyati na bunduki ya kaliba chini ya .375, bastola kwangu mimi ni kitu cha mwisho kabisa. Kijana, kwa nini usichukue shotigani?

MsukumaWaAnchorage:

Shikamoo mzee. Shotigani nimeifikiria, tatizo nikiwa ndani ya maji mikono yote miwili iko kwenye fimbo, shotigani itabaki imeegemea mti mita 15 nyuma yangu na dubu akitokea atakuwa katikati yangu na shotigani. Ndo maana nikasema bastola.

Dada wa Kiambu umenigusa kweli kuhusu watoto. Na nakiri sprei nilikuwa naiona kama kitu cha watalii.

Swali lingine, mwezi wa 9 nataka kuendesha kwenda Seattle kupitia Kanada, naweza kwenda nayo ndani ya gari kwa ajili ya kambi njiani?

Kaliba_Fairbanks:

HAPANA mkuu, tena usijaribu. Kanada bastola ya mtalii hairuhusiwi hivyo hata kidogo, na tangu mwezi wa 10 mwaka 2022 wamebana zaidi. Hata ukisema ni ya dubu watakunyang'anya mpakani na kesi juu. Bunduki ndefu ya kawaida unaweza kuitangaza pale mpakani kwa fomu na dola 25 zao. Bastola iache nyumbani kwenye sanduku la chuma, sprei ya dubu iliyoandikwa ni ya wanyama unavuka nayo, itangaze tu pale mpakani.

Na kwenye uvuvi nikuongezee. Tukio lako la mwaka jana halikuwa la bastola kabisa, lilikuwa la samaki. Jamaa aliacha samaki mbali na mkono wake. Pale Russian River wanataka samaki na begi viwe karibu yako kabisa, mifupa na matumbo ukate vipande vidogo utupe kwenye maji yanayokwenda kasi, au ubebe samaki mzima ukapasulie kwako. Dubu akishapata samaki wa bure mara mbili tatu anawajua binadamu wote kama duka. Baadaye anaishia kupigwa risasi, na ukimpiga wewe kwa kujitetea hapa Alaska ngozi na kucha zake pamoja na fuvu ni mali ya serikali, unachuna mwenyewe unapeleka na ripoti unaandika ndani ya siku 15. Na kama chanzo ni uchafu wako au chakula ulichoacha hovyo hiyo haihesabiwi kujitetea.

Nyarugusu406:

Akikuona na hajakusogelea usikimbie, mita 20 anazimaliza kwa sekunde moja na kitu. Ongea naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma pole pole. Kama ni mama mwenye watoto amekufikia na sprei imeshindikana, lala kifudifudi, vidole nyuma ya shingo, begi libaki mgongoni, usisogee mpaka aende. Dubu mweusi ndiyo unapigana naye mpaka mwisho. Usimtambue kwa rangi maana weusi wengine ni kahawia kabisa, angalia nundu kwenye mabega.

MsukumaWaAnchorage:

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita. Nimenunua sprei mbili, moja yangu na moja ya wife, pamoja na ile ya mazoezi isiyo na pilipili. Tulienda nyuma ya nyumba nikampa saa ahesabu, mara ya kwanza nilitumia sekunde 5 kuitoa na kuondoa pini, nikaona kabisa ningekuwa nimeshakufa. Sasa nafika 2. Wife naye yuko 2 na ananizidi.

Bastola bado sijanunua. Kuna uwanja wa shabaha hapa mjini wanakodisha, nikapiga 10mm na .44 siku moja. .44 risasi ya pili sikuona hata ilipoenda. 10mm kwa mita 7 nilipata 6 kati ya 10 kwenye sahani ndogo ya chakula, polepole na bila kitu kunikimbilia. Nimeandikisha darasa la wiki nne, wife amekubali kwa sharti sanduku la chuma lije nyumbani kabla ya bastola na namba azijue yeye na mimi tu. Jamaa wa 9mm nimemwambia asante.

Nina swali la mwisho, nikivaa zile suruali za mpira za kuingilia kwenye maji mkanda wa kiunoni unabaki ndani, sprei naiweka wapi?

Wa_Kiambu_AK:

Kifuani, upande wa mkono unaotumia, juu ya zile kamba za mabega. Jaribu kwanza ukiwa na koti la mvua kwa sababu ukilifunga zipu juu yake haitoki.