Naomba ushauri: riwaya za upelelezi za kina Lord na Lady, nianzie wapi?

MtotoWaMwalimu: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu kastaafu na anapenda hadithi za upelelezi, ila hataki damu wala matusi. Akikuta mtu kakatwakatwa, anafunga kitabu. Anataka Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930: majumba makubwa, watumishi, chai ya saa kumi, na mpelelezi wa ukoo wa kimwinyi anayejitia kwenye kazi ya polisi. Kiingereza anasoma vizuri. Nimeambiwa nimnunulie Lord Peter Wimsey. Ni sawa?

Kibarazani: Wimsey wa Dorothy L. Sayers ndiye baba yao, mkuu. Cha kwanza, Whose Body? (1923), kinaanza na maiti kwenye bafu la watu, uchi, na miwani puani. Mimi ningekiruka nimpe Clouds of Witness (1926). Kaka yake Wimsey, Duke wa Denver, anashtakiwa kwa mauaji na kesi inakwenda Baraza la Malodi (House of Lords, la Bunge la Uingereza), kwa sababu mtu wa cheo chake alihukumiwa na wenye vyeo wenzake. Usidhani ni chumvi ya mtunzi: utaratibu huo ulikuwepo kweli, ukafutwa 1948.

BintiShamba: Napinga kidogo. Wimsey anachekesha, lakini katoka Vita Kuu ya Kwanza na majinamizi yake, na kila anapomnasa muuaji anajua kitanzi kinamngoja muuaji huyo. Inamtesa. Huo si wepesi anaoutafuta mama. Mpe Daisy Dalrymple wa Carola Dunn, aanze na Death at Wentwater Court (1994). Daisy ni binti wa viscount, yaani mwinyi mwenye cheo cha kurithi. Kaka kafia vitani, baba kafa kwa mafua yale makubwa ya baada ya vita, cheo na jumba vikaenda kwa binamu wa kiume. Badala ya kukaa kwa hisani ya binamu, anaandikia gazeti makala za majumba ya wakubwa. Kufika kwenye la kwanza tu, mgeni mmoja anakutwa kazama kwenye ziwa la barafu. Anakuja inspekta wa Scotland Yard, na hapo mimi nanyamaza. Asome kwa mpangilio tu, maana mapenzi yanakua kitabu hadi kitabu.

Nyandarua_Juu: Mmemsahau Lady Georgiana wa Rhys Bowen! Her Royal Spyness (2007), mwaka ni 1932: damu ya kifalme, mfukoni hana kitu, anasafisha nyumba za watu kwa siri. Naye anakuta maiti bafuni, sijui hawa Waingereza na mabafu yao. Kwenye Love and Death Among the Cheetahs (2019) anakuja fungate huku kwetu Kenya, kwa walowezi wa Kizungu wa Happy Valley. Mmoja wa kundi hilo, Lord Erroll, aliuawa kweli kwa risasi karibu na Nairobi, Januari 1941. Mshtakiwa akaachiwa, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Kibarazani: @BintiShamba kwa wepesi umenishinda. Kwa fumbo, hapana.

MsomajiMkongwe: Na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla je? Si mwinyi, lakini kiko anacho, na rafiki yake Najum yuko nyuma yake.

MtotoWaMwalimu: Bwana Msa anaye wote kabatini, mzee wangu, na haazimishi. Namchukulia Daisy. Hicho cha Baraza la Malodi nakisoma mimi. Dar kuna anayeuza vya Dunn, hata mitumba?