Piano: noti zinapotea nikipiga kwa sauti ya chini

Mpiga kinanda, Moshi
Wakuu, habari zenu. Ni piano ya kusimama, ya kanisani. Kwaya ikiimba taratibu nami nikapunguza nguvu, baadhi ya noti hazitoki kabisa. Nikiongeza kidogo, zinawafunika waimbaji. Tatizo ni vidole au chombo?

Jibu
Mara nyingi ni vidole. Sauti inategemea kasi ya nyundo, kile kipande cha ndani kinachogonga uzi ukibonyeza kibonye. Kibonye kinashuka kama milimita 10, na nyundo huachiwa kabla ya kugusa uzi, ikamalizia safari yenyewe. Ukishusha polepole mno, haifiki. Kidole kianze kikiwa kimeshagusa kibonye, kisha shusha hadi chini kabisa kwa mwendo mmoja. Wengi huishia katikati. Chukua noti moja, ipige mara 10, kila mara kwa sauti ya chini zaidi mpaka inyamaze, halafu ongeza nguvu hatua moja. Huo ndio mpaka wako kwa piano hiyo.

Jibu
Kwenye akordi (noti kadhaa zikipigwa pamoja), vidole vyote vifike pamoja, ila kidole kidogo cha kulia kibebe uzito zaidi ili melodia isikike. Kifundo cha mkono kisikakamae. Tafadhali usikimbilie pedali ya kushoto: kwenye piano ya kusimama inasogeza tu nyundo karibu na nyuzi.

Jibu, Arusha
Noti zinazogoma ni zilezile kila siku? Basi muite fundi. Masika mbao huvimba, kibonye kikasita kurudi. Zikibadilikabadilika, ni mkono.