"Must be washed" na "must have been washed": ipi ni agizo, ipi ni kukisia?

Mpokea Zabibu (Hombolo)

Wakuu, salaam. Nipo kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huku Hombolo, kazi yangu ni mizani na ghala la kreti. Tuna daftari la zamu, na kwa kuwa mtaalamu wetu wa mvinyo ni mgeni asiyejua Kiswahili, tumeambiwa tuliandike kwa Kiingereza. Mavuno haya ya Machi limetuzulia jambo.

Mwenzetu wa zamu ya usiku aliandika: "Crates must have been washed." Zamu ya asubuhi wakasoma, wakaona hewala, zimeshaoshwa, wakaanza kupokelea zabibu humo humo. Kumbe kreti zilikuwa na maji ya zabibu za jana yaliyokauka pembeni, zinanuka siki na nyuki wamejaa. Mgeni alipofika alikunja uso, hakusema neno. Mwandishi anaapa kwamba alikuwa anatoa agizo zioshwe. Kijana wetu wa fildi anasema ingetakiwa iandikwe "must be washed". Mhasibu naye anasema zote ni sawa, tofauti ni wakati tu.

Sitafuti wa kumlaumu, hayo yalishaisha kwenye chai. Nataka kanuni. Kwa Kiswahili nasema "zioshwe", neno moja, nimemaliza. Kwao ni must, be, have, been, washed, sijui lipi linakaa na lipi linaondoka.

Na la pili: ukutani pameandikwa "Grapes must not be washed". Kuna mtu anataka ibadilishwe iwe "need not be washed", eti ina adabu zaidi. Ni adabu tu kweli?

Naomba kuwasilisha.

Karani wa Mtumba

Mkuu, mimi si mwalimu ila nashinda na makaratasi ya Kiingereza kutwa. Kwenye mikataba utakutana na "shall be", kwa mfano "The goods shall be delivered to the store." Ukiisoma kama wakati ujao umepotea. Hapo hawatabiri kitu, wanasema lazima bidhaa zifikishwe ghalani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, lakini makaratasi ya nyuma yaliyoandikwa kwa Kiingereza yamejaa hiyo "shall be" na bado tunayafungua kila siku. Kwa daftari la ghala msiiguse, bakini na "must be". Hiyo ya "must have been" namwachia mwalimu wetu wa Kizota. Uzi wa Kiingereza haumpiti.

Mwalimu wa Kizota

Haujanipita. Chaki niliimalizia Kongwa na Mpwapwa, siku hizi nafuga kuku, lakini nikiona "must washed" hata kwenye bango la saluni lazima nisimame.

Mleta mada, mhasibu wenu mwachieni hesabu.

Tuanze na agizo. Ukishaandika must, should, can, could, may, might au will, na unataka kauli ya kutendwa, neno linalofuata ni "be", hivyo hivyo lilivyo. Usiliguse. Usiweke "is", usiweke "to". Baada yake chukua kitenzi kwenye safu ya tatu ya lile jedwali mlilokaririshwa: take, took, taken. "The crates must be washed." "The grapes should be weighed." "The tank can be opened." Kreti iwe moja, ziwe mia, "be" ni ile ile. Darasani kwangu "be" haikuwasumbua sana, walianguka kwenye safu: "can be wrote", "must be took". Cut na put, visivyobadilika, viliwapa wengi alama za bure.

Sasa hiyo "have been". Ukiiingiza umeipeleka kazi nyuma, inakuwa kazi iliyokwisha kupita. Na must ikikaa mbele ya jambo lililopita, mara nyingi inaacha kuagiza inaanza kukisia. "Crates must have been washed" ni maneno ya mtu aliyekuta sakafu imelowa na brashi imeegeshwa mlangoni, akasema bila shaka hizi zimeoshwa. Kwa hiyo zamu ya asubuhi walisoma Kiingereza kama kilivyoandikwa, waombeni radhi. Ipo nafasi ambapo "must have been" inakuwa sharti, kama "Crates must have been washed before they are filled", lakini hapo kuna "before" inayoishikilia. Daftari linalosomwa alfajiri kwa tochi ya simu si mahali pa ufundi huo.

Should ina yake. "Crates should have been washed" kwa mazingira yenu ingekuwa lawama: zilitakiwa zioshwe, na wala hazikuoshwa. Ndiyo sentensi aliyokuwa nayo mgeni wenu usoni. "Might have been washed" ni huenda zimeoshwa, nenda kaangalie mwenyewe.

Kuhusu ukuta, asiguse mtu! "Must not be washed" ni marufuku. "Need not be washed" ni si lazima, na mwenye hamu ya kuosha aoshe. Zabibu za mvinyo kwa kawaida haziogeshwi kabla ya kukamuliwa, maji yatazimua juisi. Mkibadilisha maandishi hayo, kibarua mmoja mwenye bidii atazifungulia mpira wa maji na hamtakuwa na la kumwambia, maana kafuata kilichoandikwa. Sisi tunategwa hapa kwa sababu tukisikia must tunawaza "lazima", basi tukiikanusha tunategemea tupate "si lazima". Hatuipati. Must ikikanushwa inakuwa kizuizi. "Si lazima" ni "need not be" au "don't have to be". Mkitaka adabu, salimianeni.

Nyongeza ambayo hukuiuliza. "The crates must be washed" haisemi na nani, na "zioshwe" yetu haisemi pia. Shuleni tuliwafundisha kuitupa "by" kila mtendaji asipokuwa na maana, "by someone", "by people", na ilikuwa sahihi. Ghala lenye zamu mbili mtendaji ana maana kuliko kitu kingine chochote. Andika "The crates must be washed by the night shift." Vinginevyo kila zamu itasoma agizo la mwenzake.

Mpokea Zabibu (Hombolo)

Shikamoo mwalimu. Nimeiandika kwa wino mzito nikaibandika juu ya bomba, na "by the night shift" nimeipigia mstari. Zamu ya usiku wamenuna kidogo.

Bado moja. Wingu limejikusanya upande wa bwawani na kuna zabibu ziko nje. Nataka kuandika kwamba zinaweza kunyeshewa, zifunikwe. Kijana wa fildi kaanza "The grapes may be rained", akasita, akafuta. Kwa nini? Si ni may, be, na safu ya tatu?

Mwalimu wa Kizota

Marahaba mwanangu. Kijana amesita mahali pazuri, ana sikio.

Kiswahili kina kauli ya kutendewa, inachukua karibu kila kitu: tumenyeshewa, amefiwa, nimejiwa na wageni. Kiingereza hakikubali hivyo. Kitenzi kisicho na mtendwa hakigeuki, ukipange na must au ukipange na can. Huwezi kupata "must be arrived" wala "can be happened". Mvua inapita kwa kubebwa na "on": "The grapes may be rained on." Ni sahihi, ila wingu likiwa juu ya kichwa usihangaike nayo. Andika "It may rain. The grapes must be covered." Kisha nenda ukasaidie turubai.

Na kwa vile mnapokea malori msimu wa mvua, chukua na hii. Barabara ikiwa haipitiki, watu huandika "The road cannot pass", kama vile barabara ndiyo inayotaka kwenda mahali. Kile -ik- cha kupitika, kusomeka, kulika, ukikipeleka Kiingereza mara nyingi kinadai "can be". Mwandiko unasomeka, "can be read". Barabara haipitiki, "The road cannot be used."

Karani wa Mtumba

Mwalimu, "the road cannot pass" ipo kwenye ripoti iliyo mezani kwangu sasa hivi, ukurasa wa pili. Ngoja niirekebishe kabla haijapanda juu.